Boksi liseme kweli: barua ya wazi kwa Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango

Kwa: Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ushindani (FCC)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

YAH: MAANDISHI YA UONGO KWENYE RUNINGA NA DISKI ZINAZOUZWA MADUKANI

Waheshimiwa Wakurugenzi Wakuu,

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kufungua runinga zilizozima, kompyuta zilizogoma na diski zilizokataa kusoma. Nawaandikia kwa sababu kuna tatizo linalofika mezani kwangu kila mara, na si la kutatuliwa kwa bisibisi. Mnunuzi hawezi kulimaliza peke yake, na mwenye duka mwaminifu naye hawezi. Nyinyi mna sheria, mna wakaguzi na mna maabara. Ninachoomba ni kwamba maandishi yaliyo kwenye boksi la runinga au la diski yawe ya kweli, yawe kwa Kiswahili, na mteja apewe nafasi ya kuyahakiki kabla hajatoa pesa yake.

Nianze na diski, maana huko ndiko watu wanakolia.

Pita Kariakoo leo na utaona diski za nje, yaani eksteno, ndogo za kupendeza, nyembamba, zinaenea kwenye kiganja, zimeandikwa TB 8, TB 16, hata TB 30, na bei yake ni kama ya flashi ya kawaida. Mteja anayetilia shaka anaambiwa aichomeke kwenye kompyuta ajionee mwenyewe. Anaichomeka, na kompyuta inaonyesha TB 16 kama boksi lilivyosema. Anaweka picha mbili tatu, zinafunguka. Analipa, anaondoka ameridhika.

Mpiga video mmoja wa harusi aliniletea diski ya namna hiyo. Skrubu haikuwa nayo hata moja. Ganda lilikuwa limegundishwa, nikalipasua kwa kisu mbele yake. Ndani kulikuwa na kibao kidogo cha saketi, na juu yake memori kadi ya GB 64, aina ile ile tunayoweka kwenye simu, imeshikizwa kwa gundi ya moto. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha chuma kisichounganishwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa kuongeza uzito tu, ili mkono wa mnunuzi usishtuke. Kijana yule alikuwa amehamishia humo kazi za msimu mzima, na kadi za kamera alishazifuta ili azitumie tena. Harusi chache za kwanza tuliziokoa. Nyingine zilikuwa na majina ya mafaili, tarehe na ukubwa wake vyote vikiwa mahali pake, lakini ndani hakukuwa na kitu.

Naomba nieleze hili linavyofanyika, kwa sababu anayekagua kwa macho hatalikamata. Kila diski ina chipu inayoongoza kazi na kuiambia kompyuta, "Nina nafasi kiasi hiki." Kompyuta haina desturi ya kubisha, inaamini. Mdanganyifu anabadilisha programu iliyomo kwenye chipu hiyo, GB 64 ikajitangaza kuwa TB 16. Ukiweka mafaili ya GB 10 yanakaa salama. Ukivuka GB 64, chipu inaendelea kujibu kwamba kazi imekamilika, huku ikiandika juu ya mafaili ya mwanzo au ikiyatupa yale mapya. Orodha ya majina inabaki, kwa hiyo mwenye mali haoni dalili yoyote. Atagundua siku anayotafuta video ya mzee aliyekwisha kufariki, au mahesabu ya miaka mitatu anayodaiwa na mkaguzi. Waranti yenyewe ilikuwa ya siku saba.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Pasi mbovu utaijua siku hiyo hiyo ukinyoosha shati. Diski ya uongo imetengenezwa makusudi ili isijulikane mpaka muda wa kudai uishe, na inapojulikana hasara si ya bei ya diski tena. Pesa ya diski inarudishika, harusi hairudiwi.

Wapo wanaojibu kwa kusema rahisi ghali, aliyependa bei ya chini ajilaumu. Siafiki. Wengi wanaokuja kwangu hawakununua rahisi. Walilipa bei ya diski halisi wakapewa ya bandia ndani ya boksi lenye jina kubwa. Na hata aliyelipa kidogo ana haki ya kupata kile alichoambiwa ananunua. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na haisemi kwamba mlaji maskini anaruhusiwa kupotoshwa.

Wafanyabiashara nao nawatetea pale wanapoonewa, na wanaonewa mara kwa mara. Mteja ananunua diski halali ya TB 1, anaiweka kwenye kompyuta, anaona GB 931, anarudi dukani kwa hasira kwamba ameibiwa GB 69. Hajaibiwa. Mtengenezaji anahesabu TB 1 kuwa baiti 1,000,000,000,000, anapanda kwa elfu elfu. Windows inapanda kwa 1,024, kwa hiyo baiti zile zile zinasomeka 931. TB 2 itasomeka karibu 1,863, na TB 4 itasomeka kama TB 3.6. Mstari mmoja wa Kiswahili kwenye boksi, "kompyuta yako itaonyesha takriban GB 931", ungemaliza ugomvi huo katika kila duka la nchi hii. Nao ungemsaidia mteja kutofautisha hesabu mbili halali na wizi.

Mstari mwingine ungesema umbo na umeme. Diski kubwa za sahani za TB 20 na zaidi zipo kweli, lakini ni za inchi 3.5, zinakaribia ukubwa wa kitabu, ni nzito, na zikiwa eksteno zinakuja na adapta yake ya kuchomeka ukutani. Diski za sahani zinazoingia mfukoni, za inchi 2.5, zilikomea TB 5 kwa miaka mingi, na za TB 6 zilianza kutoka mwaka 2024 tu. Anayekuuzia TB 16 ya mfukoni kwa bei ya flashi anakuuzia kitu ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukitengeneza kwa bei hiyo. Afisa wa forodha akiwa na karatasi moja yenye maelezo haya anaweza kulizuia kontena zima bandarini bila kuwasha kompyuta.

Kuna pia diski zilizotumika zinazouzwa kama mpya. Hili si la Kariakoo peke yake. Mapema mwaka 2025 chombo cha habari za teknolojia cha Ujerumani, Heise, kilifichua kwamba diski kubwa za Seagate zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya, rekodi ya saa zake ikiwa imefutwa. Ziligundulika kwa sababu ndani yake kuna rekodi ya pili ambayo wafutaji waliiacha. Kama Wajerumani, pamoja na maduka yao yenye utaratibu, waliuziwa, sisi tunahitaji ulinzi zaidi. Mimi sina ugomvi na mtumba. Diski iliyotumika saa 5,000 ikiuzwa kama iliyotumika saa 5,000, kwa bei yake, ni biashara safi, na kwa mwanafunzi ni msaada mkubwa. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inasoma saa hizo kwa dakika moja, mradi hazijafutwa. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski inayosoma 30,000 imezunguka zaidi ya miaka mitatu usiku na mchana, na mnunuzi ana haki ya kulijua hilo akiwa bado na pesa mkononi.

Na msidhani kwamba makampuni makubwa hayawezi kushurutishwa kuandika ukweli. Mwaka 2020 wanunuzi waligundua kwamba baadhi ya diski za WD Red za kampuni ya Western Digital, zilizouzwa kwa ajili ya mitambo ya kuhifadhi data ya nyumbani na maofisini, zilikuwa zinatumia njia ya kuandika inayopandisha mistari ya data mmoja juu ya mwingine. Njia hiyo inabana nafasi vizuri, lakini diski inazorota inapopewa kazi nzito ya kuandika upya. Boksi halikusema. Wanunuzi walipopiga kelele, kampuni ilitoa orodha ya diski zote za aina hiyo, na Seagate na Toshiba nao wakaweka zao wazi. Kilichohitajika ni mtu wa kuuliza kwa sauti inayosikika.

Sasa runinga.

Tulipozima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, familia nyingi ziliachana na TV za chogo zikaingia kwenye TV bapa, na tangu hapo hakuna sebule isiyoota kioo kikubwa. Watu wanadunduliza, wanacheza upatu, wanakopa vikoba ili wapate inchi 43. Kwa ununuzi mkubwa namna hiyo boksi linawapa maneno: LED, QLED, 4K, HDR, Smart, Digital. Muuzaji anayasoma kwa sauti, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui maana yake.

Ukubwa ni jambo jepesi. Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona ya kioo chenyewe bila fremu. Inchi 32 ni kama sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, inchi 55 ni karibu sentimita 140. Futi ya fundi cherehani inatosha. Duka linalomkataza mteja kupima limeshajibu swali.

Maneno ya LED na QLED yanahitaji sentensi mbili tu. Zote mbili ni kioo cha LCD chenye taa nyuma yake, na QLED imeongezewa tabaka la kuboresha rangi. OLED ni kitu kingine: humo kila nukta inajiwakia yenyewe. Mtu akiambiwa hivyo hatalipa bei ya OLED kwa kutotofautisha herufi moja.

Penye uongo mkubwa ni 4K. Runinga ya 4K ina pikseli, yaani nukta za picha, 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla karibu milioni 8.3. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, yaani milioni 2 na kidogo. Zipo runinga zisizo na jina zinazokuja zimeandikwa 4K ilhali kioo chake ni cha 1,366 kwa 768. Ukiingia kwenye mipangilio, programu inakujibu kwamba ni 4K, kwa sababu programu imefundishwa kusema hivyo, kama ile chipu ya diski.

Kioo chenyewe, hata hivyo, hakijui kusema uongo. Washa picha nyeupe, weka rula ya plastiki kwenye kioo, halafu piga picha ya karibu kabisa kwa kamera ya simu au tumia lenzi ya kukuzia. Utaona vijistari vyekundu, kijani na bluu vimekaa vitatu vitatu. Kila kundi la vitatu ni pikseli moja. Kwenye runinga ya inchi 43, sentimita moja ya mlalo inapaswa kuwa na makundi kama 40 ikiwa ni 4K, 20 ikiwa ni Full HD. Nimehesabu runinga iliyoandikwa 4K kwa herufi za dhahabu nikapata 14. Aliyeileta alikuwa mama mwenye mgahawa, aliyeinunua ili wateja wake waangalie mpira. Malalamiko yake yalikuwa kwamba nyasi za uwanja zinaonekana kama rangi iliyomwagika. Alidhani king'amuzi kina kasoro na alikuwa ameshakibadilisha.

Hapo nataka niseme jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Ukweli kwenye boksi ungewaokolea wananchi pesa hata pale ambapo hakuna wizi. Mtu anayekaa mita tatu kutoka kwenye runinga ya inchi 43, jicho la kawaida halimwezeshi kuona pikseli moja moja hata za Full HD. Kwa sebule zetu nyingi, Full HD halisi yenye taa nzuri na spika zinazosikika ni bora kuliko 4K ya jina. HDR nayo, yaani picha yenye tofauti pana kati ya mwanga na giza, kwenye runinga nyingi za bei ya chini maana yake ni kwamba runinga inapokea picha ya namna hiyo. Kuionyesha ipasavyo kunataka mwanga mkali ambao kioo hicho hakina. Mnunuzi akijua, atapeleka pesa yake kwenye kitu kinachomfaa.

Neno "Digital" nalo linahitaji kubanwa. Nchi yetu na majirani zetu wanarusha matangazo ya ardhini kwa mfumo wa DVB-T2. Runinga isiyo na DVB-T2 ndani haitapokea hata chaneli moja ya antena bila king'amuzi, hata kama boksi limejaa neno Digital pande zote nne. Na zile zinazoitwa Smart ambazo Android yake haikuidhinishwa na Google zina matatizo mawili. Kwanza, huduma kama Netflix huzifungia picha ya ubora wa juu. Pili, usalama: Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vifaa vya nyumbani vya aina hiyo, vikiwemo vya kutazamia video, vilivyotoka kiwandani vikiwa na programu hasidi au kuambukizwa vinapowekwa, kisha vikatumika kwa uhalifu kupitia intaneti ya mwenye nyumba. Hilo linaihusu nchi inayowahimiza wananchi wake walipe na kuhifadhi kila kitu kwa simu kwenye intaneti ile ile.

Waheshimiwa, najua jibu la kwanza litakuwa kwamba bidhaa ni nyingi na wakaguzi ni wachache. Lakini hii nchi imeshawahi kufanya jambo gumu kuliko hili. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu bandia. Kabla ya hapo wananchi walifundishwa kubonyeza *#06#, wakapewa mahali pa kutuma IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kujibiwa papo hapo. Bibi kijijini alijua kuhakiki simu yake. Kilichofanikisha zoezi lile ni kwamba mnunuzi alipewa ufunguo mkononi, mlinzi akawa kila mtu. Runinga na diski hazijapata ufunguo wake.

Ninaloomba TBS ni hili. Utaratibu wenu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, ulioanza mwaka 2012, uwe na vipimo vinavyokwenda ndani ya kitu. Sampuli ya diski ijazwe mpaka mwisho kisha isomwe yote. Programu za bure za H2testw na F3 zinafanya kazi hiyo, hazihitaji maabara ya mabilioni. Sampuli ya runinga ihesabiwe pikseli za kioo, isisomwe kwenye mipangilio. Na kila boksi liwe na lebo ya Kiswahili yenye mambo machache: sentimita za kioo, idadi ya pikseli halisi, kama ina DVB-T2, wati inazokula, na kwa diski, nafasi itakayoonekana kwenye kompyuta na kama ni mpya au imetumika. Umoja wa Ulaya umeweka lebo ya namna hii kwenye runinga tangu Machi 2021, yenye herufi A hadi G na msimbo wa kuskani unaompeleka mnunuzi kwenye taarifa kamili. Sisi tunaweza kuanza na karatasi ya kubandika.

Kwa FCC ombi langu ni la dukani. Agizeni kila anayeuza diski au runinga awe na mahali pa kujaribia, na mteja asinyimwe. Waranti ya diski isiwe ya siku saba, kwa sababu kujaza TB 2 na kuisoma tena kunaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na watu wana kazi. Risiti ya mashine ya EFD iandikwe modeli na namba ya kifaa, maana risiti inayosema "electronics" tu haimsaidii mtu yeyote anapokuja kulalamika kwenu. Mkikamata shehena ya bandia, tangazeni majina ya modeli zilizokamatwa, pamoja na picha, tuzibandike kwenye vibanda vyetu. Tunasoma kwenye habari kwamba bidhaa zimeteketezwa; hatuambiwi ni zipi, na zilizobaki mitaani zinaendelea kuuzwa.

Mafundi tuko tayari. Sisi ndio tunaofungua vitu hivi, na tunaona ndani yake kabla yenu. Tupeni namba moja ya kutuma picha na modeli ya kifaa tunachokikuta na kasoro, na mtapata taarifa kutoka Mbagala hadi Mwanza bila kumlipa mkaguzi hata mmoja. Wenye maduka waaminifu nao wako upande huu. Wanauza diski halisi huku jirani akiuza TB 16 kwa robo ya bei yao, na wateja wao wanawahama. Na kwa kuwa Kariakoo inauzia pia Zambia, Kongo, Malawi na Komoro, uongo unaopita hapa unafika Lubumbashi na Moroni ukiwa na jina la Dar es Salaam.

Msimu wa manunuzi ya mwisho wa mwaka unakuja, na kontena za msimu huo huagizwa miezi kadhaa kabla. Naomba amri ya lebo na haki ya kujaribu itoke kabla mizigo hiyo haijapakiwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa vifaa vya elektroniki,
Dar es Salaam